Ini «zito», ganzi ya nyayo na chupa za kusafisha sumu

SWALI: Mume wangu yuko mwezi wa pili wa dozi ya kifua kikuu, na sasa nyayo zinamwaka moto na kufa ganzi. Muuza dawa za asili anasema ini lake ni zito kwa kurithi, haliwezi kutoa sumu ya vidonge, hivyo asimamishe vidonge na anywe dawa yake ya kusafisha ini kwa siku 21. Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Muuzaji huyo ameokota nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomuuzia chupa.

Ni kweli kwamba kasi ya ini katika kuiondoa isoniazidi, mojawapo ya dawa nne anazomeza mumeo, hurithiwa. Kazi hiyo hufanywa hasa na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho NAT2, ambacho jeni yake imo katika kromosomu ya 8, na aliyerithi nakala dhaifu kwa baba na kwa mama pia hukaa na dawa hiyo mwilini kwa muda mrefu zaidi: kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu baada ya takriban saa tatu, ilhali kwa wenye kimeng'enya cha kasi huchukua kama saa moja tu. Huo si ugonjwa. Katika jamii nyingi za Afrika na Ulaya watu wa namna hiyo ni takriban nusu ya wote, na Japani ni kama mmoja kati ya kumi. Kumtabiria mteja «ini zito la kurithi» ni sawa na kumpigia ramli kuwa ana shangazi. Mara nyingi utapatia.

Kuhusu ganzi, isoniazidi huvuruga kazi ya vitamini B6, na mishipa ya fahamu ya miguuni ndiyo hulalamika kwanza, hasa kwa mwenye kisukari, anayeishi na VVU, mnywaji wa pombe au mwenye lishe duni. Kinga yake ni pairidoksini, yaani vitamini B6 yenyewe, miligramu 10 hadi 25 kwa siku, na ganzi ikishaanza daktari huongeza kipimo. Mumeo arudi kliniki wiki hii, na wakati huo asiruke dozi.

Kinachonikera ni dhana kwamba ini ni chujio la chai lililoziba, la kusuguliwa. Kimeng'enya ulichozaliwa nacho hakina uchafu wa kuoshwa, na hakuna mzizi wala juisi inayobadilisha jeni. Chupa ninazoletewa dirishani ni zile za maji ya kunywa za lita moja na nusu, zimejazwa maji meusi yenye chembechembe chini, bila lebo wala tarehe. Kilichomo, chochote kile, lazima kipite katika ini lile lile ambalo tayari linabeba isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, dawa ambazo kila moja inaweza kuliumiza. Mkaa unaouzwa kwa jina hilo hilo la kusafisha sumu unaweza kunasa dawa tumboni kabla hazijaingia katika damu. Na siku 21 bila vidonge huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana upya, pengine wakiwa sugu.

Wauzaji hupenda pia kuonyesha mkojo wa rangi ya chungwa kama ushahidi kwamba «sumu inatoka», wakati hiyo ni rangi ya rifampisini, nayo huonekana kwa wagonjwa wasiokunywa kitu kingine chochote. Dalili ya kuogopa ni mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, pamoja na macho ya njano, kutapika au kukosa kabisa hamu ya kula. Hapo mgonjwa asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa, na aende kituoni siku hiyo hiyo. Akifika ataulizwa kama ametumia dawa nyingine, na wengi hujibu hapana, kwa sababu moyoni wanaihesabu ile chupa kuwa ni juisi. Itajeni, na ikiwezekana mwende nayo mkononi.