Kutoka mahakamani hadi Ikulu: Sandra Mason wa Barbados

Ndugu, umeuliza kama jaji anaweza kuwa mkuu wa nchi bila kupigiwa kura na wananchi. Anaweza, na mfano ninaouheshimu mno ni Sandra Mason wa Barbados, nchi ya kisiwa katika eneo la Karibi, aliyeanza kazi ya uhakimu mwaka 1978, na mwaka 2008 akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Barbados. Mwaka 2018 akawa Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ambaye bado alikuwa mkuu wa nchi. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 30 Novemba 2021, bendera ya kifalme ikateremshwa jijini Bridgetown mbele ya Mwanamfalme Charles, na Mason, akiwa amekwisha kuchaguliwa na Bunge, akaapishwa kuwa Rais wa kwanza. Madaraka ya kuendesha serikali yalibaki kwa Waziri Mkuu, na kwa maoni yangu ndiyo sababu mazoea ya jaji ya kutoegemea upande yalifaa sana.