Maswali na Majibu: Data Usiyoitarajia Kwenye Soketi za C

Swali: Seva yangu inatuma "Habari", lakini upande wa mteja naona "Habari" yenye mkia wa alama nisizozijua. Wakati mwingine mkia huo ni kipande cha ujumbe uliotangulia. Je, mtandao unaharibu data?

Jibu: Mtandao hauna kosa. Neno hilo ni baiti 6. Fanksheni ya kupokea, `recv`, imeziweka mwanzoni mwa bafa (eneo la kumbukumbu la kupokelea data), ikakurudishia namba 6, ikaishia hapo. Haiongezi ile baiti ya sifuri inayofunga maneno katika C. Nayo `printf` ukiipa `%s` husoma mpaka ikutane na sifuri, kwa hiyo inapitiliza na kuchapisha mabaki yaliyokuwamo kwenye kumbukumbu. Andika hivi:

```
ssize_t n = recv(s, bafa, sizeof bafa - 1, 0);
if (n > 0) bafa[n] = '\0';
```

Ile moja iliyopunguzwa ndiyo nafasi ya sifuri. Wapo watakaokushauri usafishe bafa kwa `memset`, yaani kuijaza sifuri, kila mara. Sikubaliani nao: bafa ikijaa yote, sifuri haipo tena na kosa linarudi. Itegemee `n`. Ikiwa 0, mwenzako amefunga mawasiliano. Ikiwa -1, ita `perror` papo hapo ikuonyeshe kosa. Tena, kama bafa imeingia kwenye fanksheni kama pointa, `sizeof` itapima pointa, yaani baiti 8 kwenye mashine nyingi za biti 64. Ukubwa wa bafa upitishe kando.

Swali: Natuma "JUMA", kisha "ASHA". Mpokeaji anapata "JUMAASHA" kwa mkupuo mmoja. Nikiweka `sleep(1)` katikati, inakaa sawa.

Jibu: Iondoe hiyo `sleep`, inakudanganya. TCP, itifaki inayobeba data yako, tangu ilipoelezwa katika waraka wa viwango vya mtandao RFC 793 wa mwaka 1981, ni mfululizo wa baiti: inalinda mpangilio, haijui ujumbe wako unaishia wapi. Ulichotuma kwa `send` moja kinaweza hata kufika vipande viwili. Mpaka wa ujumbe uuweke wewe mwenyewe: ama `\n` mwishoni mwa kila ujumbe, ama urefu wake katika baiti 4 za mwanzo. Kisha ita `recv` ndani ya kitanzi, ukilimbikiza, mpaka ujumbe utimie.

Swali: Nimetuma namba 1, imefika 16777216!

Jibu: Baiti zake 4 zimesomwa kinyumenyume. Tumia `htonl` kabla ya kutuma, iupange mpangilio wa baiti kama wa mtandao, na `ntohl` baada ya kupokea, iurudishe kama wa mashine yako. Kwa poti ni `htons`; ukiisahau kwenye kompyuta ya kawaida, seva ya 8080 itasikiliza 36895.

Swali: Nikiandika TOKA kwa telnet (programu ya kuunganika na seva), `strcmp` inakataa kuwa ni "TOKA", ingawa kwenye skrini yanafanana.

Jibu: Skrini haionyeshi kila kitu. Chapisha baiti moja moja:

```
printf("%02x ", (unsigned char)bafa[i]);
```

Utaona `54 4f 4b 41 0d 0a`. Hizo mbili za mwisho ni `\r` na `\n` za kitufe cha Enter. Zikate kabla ya kulinganisha:

```
bafa[strcspn(bafa, "\r\n")] = '\0';
```