Kipipa cha lita 2, Negroni na karafuu

Mkuu, umeuliza mambo mawili: Negroni (koktaili ya jini, Campari na vermuti tamu) ikae muda gani ili izeeke kwenye kipipa chako kipya cha mbao cha lita 2, na kama mdalasini na karafuu unaweza kuvitumbukiza humohumo. Naanza na la pili, maana ndilo lililonitia hasara.

Usithubutu. Kipipa changu cha kwanza nilikijaza Manhattan (koktaili ya wiski na vermuti tamu), nikatia vijiti viwili vya mdalasini na karafuu kama kumi hivi. Siku ya nne nikafungua koki nionje: ulimi ukafa ganzi kama nimetoka kung'olewa jino. Nikamwaga yote. Nikasuuza kwa maji ya moto mara sijui ngapi, nikaweka Negroni, ikatoka na karafuu. Nikaweka wiski tupu, karafuu tena. Mbao ikishakunywa kitu haikitapiki. Kipipa kile leo ni pambo la kabatini.

Tangu hapo kuloweka nafanyia kwenye chupa ya kioo, tena kwenye pombe moja tu, kabla sijachanganya chochote. Ukiona imetosha unachuja, mambo yanaishia hapo. Pilipili kali naionja kila baada ya dakika kumi na huwa haifiki saa nzima. Majani ya chai hali kadhalika, ukiyasahau yanatoa ukakasi wa kukunja uso. Buni za kahawa zilizokaangwa, nzima bila kusaga, usiku mmoja. Vanila ndiyo mpole, hata siku tano haikudhuru. Ganda la chungwa limenye juujuu tu, ule weupe wa ndani ni uchungu mtupu.

Sasa pipa lenyewe. Kabla ya yote lijaze maji ya moto uliache kwenye beseni. Litavuja, usitishike, mbao ikivimba mianya inajiziba, siku moja au mbili. Lililokataa kabisa kuziba ndilo la kurudisha dukani.

Halafu Negroni: jini, Campari (kileo chekundu chungu cha Kiitaliano) na vermuti tamu (mvinyo uliotiwa mitishamba), kila moja mililita 650. Usitie barafu wala maji. Chochote chenye ndimu, maziwa au yai kisiingie, kitaharibika. Ndiyo maana koktaili za pipani ni zile za pombe tupu: Negroni, Manhattan, Boulevardier (Negroni yenye wiski badala ya jini).

Muda? Utasoma kwingi wiki tano hadi saba. Hesabu hiyo inatokana na Jeffrey Morgenthaler, baameni wa Portland, Marekani, aliyeipa umaarufu mbinu hii mwaka 2010 baada ya kuonja, akiwa London, Manhattan iliyozeeshwa chupani na baameni Tony Conigliaro. Lakini mapipa yake yalikuwa makubwa kuliko hicho chako. Kadiri pipa linavyokuwa dogo, ndivyo kila lita inavyogusana na mbao nyingi zaidi. Changu kingine cha lita 2, kikiwa kipya, kilimaliza kazi siku ya kumi na mbili. Ningekiachia hadi wiki ya sita ningekunywa maji ya ubao.

Kwa hiyo onja kuanzia siku ya tatu, kijiko kimoja, na ujazo mdogo wa mchanganyiko uleule uuhifadhi kwenye chupa kwa ajili ya kulinganisha. Bila hicho cha kulinganisha ulimi unakudanganya, nakwambia. Utaona kwanza ukali wa jini unalegea, kisha inakuja harufu ya vanila na kitu kama karanga, ambayo kwa sehemu ni vermuti inayopigwa na hewa ndani ya pipa. Mdomo ukianza kukauka baada ya kumeza, umechelewa kidogo: toa siku hiyohiyo.

Chuja kwa karatasi ya kahawa, maana ndani ya pipa lililochomwa kuna vumbi la mkaa, kisha funga kwenye chupa. Wakati wa kunywa ndipo unakoroga na barafu, tena usiharakishe. Kinywaji hiki hakijaonja tone la maji na kinayahitaji.

Pipa likishakuwa tupu usiliache likauke, litapasuka au litaota ukungu. Mimi najaza mzigo mwingine siku ileile. Raundi ya pili itachukua muda mrefu zaidi, na kwangu ndiyo huwa tamu kuliko ya kwanza.