Akwamarini ya laki tatu: nilivyopigwa mara ya kwanza na nilivyonunua mara ya pili

Mke wangu kazaliwa mwezi wa tatu, na kuna siku alisoma mahali kwamba kila mwezi una jiwe lake la thamani, na la mwezi wa tatu ni akwamarini, lile la bluu, basi ikawa wimbo wa nyumba. Mi nikajipinda nikaweka pembeni laki tatu ya jiwe, pete ya silva nikasema nitaitafuta baadae. Naishi Arusha, mji ambao ukitupa kokoto linampiga broka wa madini, kwa hiyo nikajua hapa siwezi kupigwa. Nikapigwa.

Jamaa alinitolea jiwe la bluu kali, bluu ya kama ile chupa ya maji ya dukani ukiitazama juani, akaniambia "kaka hii akwa safi, hutapata rangi hii tena," nikatoa laki mbili na themanini nikaondoka natabasamu kama mjinga. Nilivyolipeleka kwa sonara alipachike kwenye pete, mzee akaligeuza geuza kwenye vidole, akalipima urefu na upana, milimita 8 kwa 6, afu akaliweka kwenye mizani, karati 1.5 (karati ndo kipimo cha uzito wa vito, tano ni gramu moja). Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hili umeuziwa kama nini?" Nikamwambia akwamarini. Akasema akwa ya saizi hii huwa inacheza kwenye karati moja na kidogo, hili limezidi uzito, hii ni topazi.

Hapo ndo nikaanza kusoma. Topazi ya bluu ni jiwe halali kabisa, siyo chupa, ila nyingi zinakuwa hazina rangi zikitoka ardhini, zinapigwa mionzi halafu zinachomwa ndo zinakuwa bluu, kwa hiyo ni jiwe la bei ya chini sana, la kwangu lilikuwa la elfu thelathini hivi. Na ni zito kuliko akwa, kwa ukubwa uleule topazi inaizidi akwa karibu theluthi moja ya uzito. Kama muuzaji ana mizani (na wote wanayo), muombe akupimie mbele yako, afu muulize vipimo vya milimita. Akiwa na ile mashine ndogo ya kusoma jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe ndo raha zaidi: akwa inasoma 1.57 mpaka 1.58, topazi inaanzia 1.61 huko. Hakuna mdomo wa kubishana na hiyo namba.

Kuna mchezo mwingine wa bure ambao sonara hakunifundisha, niliugundua mwenyewe nikiwa nachezea jiwe mezani. Fungua laptop, weka ukurasa mweupe kabisa, shika jiwe mbele ya kioo uangalie kwa kupitia jiwe, afu lizungushe taratibu kama unafungua kifuniko cha soda. Akwa ya kweli rangi inakolea afu inafifia afu inakolea tena, kwa sababu hilo jiwe lina bluu upande mmoja na upande mwingine halina rangi kabisa au inakuwa hafifu sana. Jiwe likiwa jepesi sana wa rangi utahangaika kuona, lakini jiwe la bluu kali lisilobadilika hata kidogo, lirudishe.

Sasa turudi kwenye hela, maana hapa ndo watu wengi tunakosea. Mtu mwenye laki tatu anaenda kutafuta rangi. Usitafute rangi! Rangi ndo kitu cha gharama kuliko vyote kwenye akwa, ile bluu iliyokolea watu wanaiita Santa Maria, jina la sehemu moja huko Minas Gerais, Brazili, na siku hizi hata mawe ya Msumbiji yakikolea wanayaita Santa Maria ya Afrika, kwa hiyo jina limeshakuwa la rangi tu, mtu akikwambia "hii Santa Maria" hajakuthibitishia jiwe limetoka wapi. Akikuuzia hiyo rangi kwa bei yako ndogo, jiulize mara mbili.

Wewe chukua jiwe jepesi wa rangi ila safi, na kubwa kidogo. Akwa siyo kama rubi ambayo ikiongezeka ukubwa bei ya karati inaruka juu, yenyewe huota vipande vikubwa sana ardhini, kule Washington kwenye makumbusho ya Smithsonian kuna moja imekatwa ina zaidi ya karati 10,000, yaani kilo mbili na ushee. Ukubwa siyo wa kuadimika sana. Na jiwe likiwa dogo rangi yote inapotea, akwa hafifu ya nusu karati ukiivaa itaonekana kama tone la maji ya bomba, ila hiyohiyo hafifu ikiwa karati mbili inakusanya rangi. Na usafi usikubali kujadiliana, akwa safi ziko nyingi, ukiona nyuzi au ukungu kwa macho tu bila lupu (ile lenzi ya kukuzia) achana nalo, labda wakupunguzie sana.

Halafu ukataji. Aisee hapa ndo pa kukazia. Weka jiwe juu ya gazeti uso ukiwa juu, ukiweza kusoma maandishi katikati ya jiwe, ujue fundi alikata bapa ili asipoteze uzito, mwanga unapita tu chini haurudi. Jiwe la hivyo kidoleni lina tobo katikati, linang'aa pembeni tu. Niliyanyima hela mawe manne siku moja kwa gazeti tu, broka mmoja akaanza kuniita mwandishi wa habari.

Na litoe kwenye karatasi yake! Zile karatasi wanazokunjia mawe mara nyingi zina utando wa bluu kwa ndani, jiwe lisilo na rangi likilala humo linakuwa bahari. Mimi natembea na karatasi nyeupe, naliweka hapo, natoka nje kivulini. Siyo chini ya taa za duka, zile nyeupe za ubaridi zinaongeza bluu, na siyo juani moja kwa moja maana juani kila kitu kinang'aa.

Kuhusu kuchomwa moto, usiogope. Akwa nyingi zinatoka na ukijani, wanazichoma ule ukijani utoke ibaki bluu, na ukijani haurudi tena. Ila mi mwenyewe napenda ukijani kidogo, na kwa bahati nzuri wengi hawaupendi, kwa hiyo bei inashuka.

Ndivyo nilivyopata la pili: karati 2.1, bluu nyepesi yenye ukijani kwa mbali, safi, gazeti halisomeki. Muuzaji alianza na laki nne na nusu. Nikakaa, tukanywa chai, nikaliweka tena kwenye karatasi nyeupe nikiwa nimenyamaza, mwisho tukafunga laki mbili na themanini, hela ileile ya upumbavu wa kwanza, na safari hii nikadai risiti iandikwe "akwamarini ya asili", siyo "jiwe la bluu".

Mke wangu anaivaa hiyo pete kila siku, anaoshea nayo vyombo na jiwe halijachubuka, ingekuwa tanzanaiti ningekuwa nalia maana ile ni laini zaidi. Likififia ni mafuta ya kupaka tu yameganda juu yake, unaliosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, basi.

Ile topazi tuliitengenezea kidani. Kila harusi tukienda watu wanasifia kidani, pete hakuna anayeiona, na yeye wala hawaambii kitu.