Kijana Akikuuliza Kama Siku Sita Zilikuwa Siku Sita Kweli

Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na Jumapili nakaa na vijana baada ya ibada ya Kiswahili, ile inayokusanya watu wa kila kabila: madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wa Kenya pale Malaba, familia za askari, Wakongo, Wasamia, Wateso, Wajopadhola. Kwa hiyo swali la uumbaji hunifikia kwa milango miwili. Darasani mwanafunzi huuliza kama mageuko ya viumbe hayapingani na Biblia. Kanisani kijana yuleyule huniuliza kwa sauti ya chini zaidi: "Mwalimu, kwenye mtihani tuandike nini bila kumkana Mungu?"

Naandika haya kwa ajili ya wazazi, walimu wa shule ya Jumapili na wachungaji ambao swali hili linawafikia. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usimjibu kijana kabla hamjafungua kitabu cha Mwanzo pamoja na kusoma sura ya kwanza na ya pili mfululizo, polepole, kwa sauti. Wengi wanaogombana juu ya sura hizi wanazikumbuka tu kutoka utotoni.

Mpe karatasi, aigawe kwa mstari katikati. Kushoto aandike siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kulia, mkabala nazo, ya nne, ya tano na ya sita. Siku ya kwanza nuru, na mkabala wake siku ya nne jua, mwezi na nyota. Siku ya pili anga na maji, mkabala wake siku ya tano ndege na samaki. Siku ya tatu nchi kavu na mimea, mkabala wake siku ya sita wanyama na mwanadamu. Vijana hunyamaza wanapoona hivyo. Mungu anatengeneza makao upande mmoja, anayajaza upande wa pili. Mwandishi alikuwa anapanga maneno yake kama mtu anayetunga utenzi, na alitaka mpango huo uonekane.

Kisha mgeuke sura ya pili. Hapo mtu anafanyizwa kwa mavumbi wakati mche wa kondeni bado haujachipuka. Bustani inafuata, wanyama wanafuata, mwanamke anakuja mwisho. Katika sura ya kwanza mimea na wanyama wametangulia, na mwanamume na mwanamke wanaumbwa pamoja. Waliokusanya maandiko haya hawakuwa vipofu. Waliziweka sura mbili ubavu kwa ubavu bila kuzilazimisha zifuate ratiba moja, na mimi naona kwamba walitaka tusizisome kama ratiba.

Swali la jua lina uzito wa peke yake. Kama jua limewekwa siku ya nne, jioni na asubuhi za siku tatu za kwanza zilipimwaje? Vijana wangu hudhani swali hilo limeletwa na wanasayansi wa Ulaya. Nawaambia liliulizwa hapa hapa Afrika. Origeni wa Aleksandria, Misri, mwalimu wa Kanisa la kale, alilisema wazi katika karne ya tatu, akaona kwamba siku bila jua ni dalili ya maana iliyofichwa. Askofu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alirudi kwenye Mwanzo mara kwa mara katika maisha yake. Alifikiri Mungu aliumba vyote kwa pamoja, na kwamba zile siku ni mpangilio wa kutufundisha. Pia aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya mbingu na nyota mbele ya watu wanaozijua vizuri, wasije wakalidharau Andiko lote kwa sababu ya msemaji mmoja asiyejua. Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko, alichapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kusoma Mwanzo kwa lugha ya picha ni mbinu ya jana ya kumkimbia Darwin.

Wanaozisoma siku sita neno kwa neno nao wana hoja, na ni wajibu wako kumweleza kijana hoja hizo kwa haki. Kutoka 20:11 inaiweka amri ya Sabato juu ya siku sita za uumbaji, na ndugu zetu Waadventista hushika hapo kwa nguvu. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya nne, alizichukua kuwa siku za kawaida. Martin Luther vilevile. Paulo, katika Warumi 5, anamtaja Adamu kama mtu mmoja ambaye dhambi iliingia ulimwenguni kupitia kwake, na hilo ndilo fundo gumu kuliko yote kwa sisi tunaosoma kwa ishara. Ninamheshimu anayezishika hoja hizo. Ninachokataa ni pale umri wa dunia unapofanywa kipimo cha wokovu. Ile hesabu ya miaka elfu sita hivi haimo ndani ya Biblia. Aliyeifanya iwe maarufu ni Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alijumlisha vizazi na tawala akafikia mwaka 4004 kabla ya Kristo. Ni kazi ya msomi mwenye bidii, na kijana anaweza kuiacha bila kuacha mstari hata mmoja wa Andiko.

Mimi msimamo wangu nausema wazi nikiulizwa, kwa sababu vijana hujua mwalimu anapojificha. Ule Mwamba wa Tororo unaouona ukitoka sokoni ni kiini cha volkano ya kale. Tabaka laini za nje zililiwa na mvua na upepo mpaka likabaki jiwe gumu la katikati. Kazi kama hiyo huchukua mamilioni ya miaka. Kule Napak, Karamoja, mwaka 2011 lilipatikana fuvu la sokwe wa kale lenye umri wa miaka milioni 20 hivi. Siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba Mungu wa kweli aliyaweka hayo ardhini ili kutudanganya.

Hofu ya wazazi ni kwamba ukisema "ishara" umesema "uongo". Hapo huwauliza juu ya Kintu na Nambi, mtu wa kwanza na mkewe katika simulizi la Waganda. Karibu kila mtoto wa Uganda amesikia jinsi Nambi alivyorudi kwa baba yake Ggulu kuchukua ulezi wa kuku, na jinsi kaka yake Walumbe, yaani Kifo, alivyowafuata hadi duniani. Hakuna mzee anayesimulia hayo ili ujue ulezi ulikuwa kilo ngapi. Anakueleza kwa nini tunazika watoto wetu, na kwa nini kutosikia agizo kuna gharama. Msikilizaji hulia kwa hadithi hiyo matangani, na machozi yake ni ya kweli. Ninaamini Mwanzo ni Neno la Mungu kwa namna ambayo simulizi la Kintu silo. Ila mtu aliyelelewa na wasimulizi wetu tayari ana masikio ya kusomea Mwanzo.

Kuna jambo lingine darasani. Ninapotundika chati ya mifupa, mara nyingi mvulana husimama akasema mwanamume ana mbavu pungufu kwa moja, kwa sababu ya Hawa. Anasema kwa uhakika kabisa. Basi tunahesabu kwenye chati, kisha kila mmoja anapapasa mbavu zake mwenyewe kuanzia juu, mpaka zile fupi za chini ambazo hazifiki mbele. Jozi 12, mbavu 24, kwa mvulana na kwa msichana. Hata anayesoma Mwanzo neno kwa neno hana haja ya imani hiyo, maana Andiko halisemi popote kwamba wana wa Adamu walizaliwa na upungufu. Lakini tazama kinachofanywa na ubavu huo kwenye sherehe za ndoa. Mara ngapi umemsikia msemaji akimwambia bibi harusi akumbuke alitoka ubavuni, kwa hiyo ajue nafasi yake? Wakati Adamu mwenyewe, alipomwona, alipaza sauti kwa furaha: huyu ni mfupa katika mifupa yangu. Alimtambua kuwa mwenzake. Nikiwa na vijana hukaa kwenye mstari huo kuliko kwenye swali la miaka.

Hukaa pia kwenye Mwanzo 2:15, mtu anapowekwa bustanini ailime na kuitunza. Huku mashariki tumekausha vinamasi vingi kwa kilimo cha mpunga, na mvua kubwa ikija maji yanatafuta njia majumbani. Sijawahi kusikia mahubiri yakigusa hilo, ingawa nimesikia mengi juu ya umri wa dunia. Na sura ya kwanza inaposema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, haitaji kabila wala hati za kusafiria. Wakongo wanaokaa benchi la nyuma huusikia mstari huo kwa namna yao.

Sasa mtihani. Mama mmoja alinijia baada ya ibada, ana wasiwasi mkubwa.

"Mwalimu, binti yangu anasema akijibu swali la mageuko amemkana Yesu."

"Hapana, Mama. Anaulizwa wanabiolojia wanaeleza nini na kwa ushahidi gani. Ajibu hilo vizuri, kwa ukweli. Hakuna sehemu inayomtaka aandike kwamba Mungu hayupo."

"Na padri atasema nini?"

Familia yao ni Wakatoliki, basi nikamweleza kwamba Papa Pius XII aliruhusu tangu 1950 suala la asili ya mwili wa mwanadamu lichunguzwe, huku akishikilia kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na kwamba Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 alisema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kwa kutanuka kutoka hali ndogo sana, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padri. Mama akaniomba nimwandikie majina hayo kwenye karatasi.

Kwa familia za walokole namna hiyo haisaidii, kwa kuwa Papa si mamlaka kwao. Wao nenda nao kwenye Biblia yenyewe: Zaburi 104, ambapo mbingu zinatandikwa kama pazia, na Ayubu 38, ambapo dunia inawekewa misingi na jiwe la pembeni kama nyumba. Waulize kama wanaamini kuna kitambaa juu yetu. Watasema hapana, hiyo ni lugha ya picha, na watasema bila kuona wamepungukiwa na imani. Hapo ndipo mrudi Mwanzo. Ayubu 38 ni ndefu, kwa hiyo wagawie wasomaji kadhaa, na tenga jioni nzima, maana maswali hayaishi haraka.