Vitendo, kivitendo au kutekelezeka?

SWALI: Katika ripoti niliandika "pendekezo hili ni la vitendo". Mhariri akabadilisha kuwa "pendekezo hili linatekelezeka". Nilikosea wapi? Na je, "kivitendo" si kosa, maana lina ki- na vi- kwa pamoja?

JIBU: Mhariri yuko sahihi. "-a vitendo" huambatana na jambo linalofanywa badala ya kuelezwa tu: somo la vitendo, mtihani wa vitendo. Pendekezo lenyewe bado ni maneno. Unachotaka kulisifia ni kwamba linawezekana kufanywa, na maana hiyo imo ndani ya kiambishi -ek- cha "tekelezeka", kama ilivyo katika "someka" na "pendeka".

Hapa wengi huteleza wakaandika "mpango unaotendeka". Kiambishi ni kilekile, lakini mazoea yamelipeleka neno "tendeka" kwenye tukio: "kosa lililotendeka jana". Msomaji ataelewa kwamba mpango tayari unafanyika, kumbe wewe unasema tu kwamba unawezekana.

Kwa binadamu, sema "mtu wa vitendo". "Mtendaji" hukumbusha cheo, na "mchapakazi" husifu bidii tu. Mtu aweza kuchapa kazi usiku kucha kwa mpango usiowezekana. Usijaribu umoja, "mtu wa tendo", kwa sababu wengi watafikiria tendo la ndoa.

Vitu navyo havina vitendo. Viatu vya kazini "vinafaa kwa kazi", basi. "Viatu vya vitendo" si Kiswahili.

Kuhusu "kivitendo", ondoa shaka. Ki- ya namna huweza kubandikwa kwenye nomino nzima pamoja na kiambishi chake cha wingi: mataifa hutoa kimataifa, maadili hutoa kimaadili, na vitendo hutoa kivitendo. Ukikata vi- unabaki na "kitendo", ambalo ni jina la jambo moja lililofanywa, na sentensi inaharibika.

Neno hili hung'aa zaidi likikabiliana na "kinadharia": "Kinadharia, pampu ya kufyonza huinua maji hadi mita 10 hivi, kivitendo, huishia mita 7 au 8." Pasipo ulinganisho wa namna hiyo, "kwa vitendo" hutosha: "Alitufundisha kwa vitendo."