Tukate viwanja na barabara pana, au tuache vichochoro kama vya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu?

SWALI: Tuna shamba la familia huku Wiyoni, Lamu, lina mita 60 kwa 60 hivi, twataka kulikata viwanja. Mwanangu asoma mipango miji, asema kila njia iwe mita 9 na maduka yatengwe na nyumba, ati vichochoro vishapitwa na wakati. Wazee wamekataa. Nani yuko sawa?

JIBU: Mama, shukran. Hio fikra ya mwanao ina wenyewe na ina umri wake pia. 1925 Le Corbusier, msanifu majengo wa Ufaransa, alichora mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya katikati ya Paris aweke maghorofa 18 ya orofa 60 hivi, magari yapewe njia pana, kazi upande wake na makaazi upande wake. Haukujengwa, lakini fikra ikasambaa dunia nzima na wanafunzi bado waisoma. Alafu 1961 Jane Jacobs wa New York, mwandishi tu hata digrii ya mipango miji hana, akaja kuipinga vikali, akasema mtaa hulindwa na macho ya watu, kwa hio changanya duka na nyumba, njia ziwe fupi zenye kona nyingi, watu wakae karibu karibu. Na yeye na wenzake walipigana mpaka barabara kuu iliotaka kupasua Lower Manhattan ikafutwa 1969.

Sasa angalia Mkomani. Watu wamekaa madakani, vibaraza vya mlangoni, waona kila anaepita, msikiti, duka na nyumba viko pamoja, kuta ndefu zatiliana kivuli mchana kutwa. Hayo ndio Jacobs aliyokuwa ayasema, na huku yalikuwako karne nyingi kabla yake. UNESCO waliuandikisha mji huu wa kale kuwa urithi wa dunia 2001, tena hawakuuandikisha kwa makosa yake!

Na hesabu pia yawaunga mkono wazee. Njia moja ya mita 9 ikikata shamba lenu katikati yala mita mraba 540, hio ni zaidi ya kiwanja kizima cha futi 50 kwa 100, na wengi wenu mwaenda kwa miguu au punda.

Lakini kijana asipuuzwe. Makuti yakishika moto mpira wa maji lazima ufike, shimo la choo lataka kunyonywa, mgonjwa ataka kutolewa haraka, na choo kikibanana na kisima ardhi ya mchanga kama hii mwanywa uchafu, hapo msongamano waua kweli.

Mimi ningeacha njia moja pana inayounga na barabara ya nje, zilobaki ziwe za mita 3 zenye kutokea pande zote mbili, hakuna kichochoro kilichoziba, na maduka yaruhusiwe kwenye kona. Ofisi ya mipango ya kaunti huenda ikashikilia zile 9, kwa hio pelekeni mchoro mapema mkajadiliane nao kabla sovea hajapanda bikoni za mipaka, maanake zikishapandwa na watu wakajenga, kuisogeza njia ni kesi ya miaka.